Njia ya wapagazi: siku saba, watoto wawili na mfuko wa matobolwa

UBISHI ulianzia kwenye mizani. Niliiazima kwa jirani yangu anayeuza nafaka hapa Kanyenye, nikaiweka sebuleni, tukaanza kupima mabegi. La mwanangu wa kiume, kidato cha tatu, lilikuwa na kilo 13. La mdogo wake wa darasa la sita, kilo nane. Binti mwenyewe alipopanda kwenye mizani alikuwa na kilo 34.

"Punguzeni," nikasema.

"Si ulisema wapagazi walikuwa wanabeba kilo thelathini?" akajibu yule mkubwa. Alisema hivyo akiwa ameangalia mizani. Mimi hakuwa ananiangalia, na hilo ndilo lililotupeleka njiani.

Wazazi wenzangu, niseme kisa chote. Katika likizo fupi ya mwezi wa nne nilichukua simu ya kijana huyu nikasoma ujumbe aliokuwa anaandikiana na msichana mmoja. Hapakuwa na tusi wala picha. Yalikuwa maneno ya mtoto wa miaka 16 aliyempenda mtu. Lakini nilikuwa nimekasirishwa na mambo mengine siku hiyo, nikausoma kwa sauti pale sebuleni, wajomba zake wawili wakiwapo. Wajomba wakacheka. Tangu hapo kwangu alibakiza shikamoo ya asubuhi tu, maana hiyo alifundishwa na bibi yake na hawezi kuiacha.

Likizo ya Juni ilipofika, mama yao akaniambia, "Wachukue wote wawili mwende mkatembee. Humu ndani hamtazungumza."

Wapo wazazi ambao wana uwezo wa kuwapeleka watoto Kilimanjaro, wakatembea wiki nzima njia ya Lemosho au Machame. Ni jambo zuri, ila ukishajumlisha kiingilio cha hifadhi, waongozaji na wapagazi, mshahara wa mwalimu au wa karani hautoshi. Sisi wa Tabora tuna njia yetu, na iko mlangoni. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, ikapumzika hapa, ikaajiri watu hapa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ile kazi ya kubeba mizigo kwa mabega ikafifia. Miembe mingi iliyopandwa kando ya njia bado ipo. Tukaamua: kutoka Kanyenye hadi Kwihara, kisha magharibi kuelekea Ndono, Usoke na Urambo. Kwa barabara, Tabora hadi Urambo ni kama kilomita 94. Sisi tungefuata zaidi njia za vijijini, tukizungukazunguka. Siku saba zinatosha, nilijiambia.

Nirudi kwenye mizani. Kijana hakukosea. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na wabeba pembe wakubwa walizidisha hapo. Lakini hao walikuwa wanaume wazima, tena waliojichagua kwa kazi hiyo. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora hii hii, Novemba 1857 baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba nao walionekana na kipembe kidogo begani. Kidogo. Nadhani wazee wale walijua jambo ambalo sisi tumelisahau kwa pande zote mbili. Kuna mzazi anayembebesha mtoto mzigo wa mtu mzima, na kuna anayembebea mpaka kalamu. Wao walimpa mtoto mzigo wa kweli unaolingana na bega lake.

Ushauri unaotolewa mara nyingi na wataalamu wa afya ya watoto ni kwamba begi lisizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Kwa binti yangu hiyo ni kilo tatu na nusu hadi tano. Tulipoanza kutoa vitu, mlitakiwa muwepo. Suruali nne. Spika ya muziki. Kopo zima la mafuta ya kujipaka. Binti alikuwa ameweka daftari la hisabati, sijui kwa nini, na sikumuuliza.

Kisha tukagawana. Hapa nilisikiliza ushauri wa mama yao, na ninawapa kama alivyonipa: usimpe mtoto nguo zake tu abebe. Mpe kitu ambacho kikikosekana wote mtataabika. Binti akabeba chumvi, sukari, viberiti na tochi. Kijana akabeba maji ya akiba na mfuko wa dawa: plasta, dawa ya maumivu, vidonge vya kutibu maji, na pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Mimi nikachukua sufuria, unga, vyandarua, na chakula cha njiani, yaani karanga na matobolwa. Kwa wasiotoka kwetu: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Hayaozi, hayavunjiki, na mtoto aliyenuna atayatafuna tu.

Jambo jingine la lazima ni barua ya serikali ya mtaa. Mwanamume anayeonekana porini na watoto wawili wenye mabegi huulizwa maswali, na ni haki aulizwe. Kila kijiji tulichofika tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti.

Jumapili ilikuwa fupi, hadi Kwihara tu, kilomita chache kusini magharibi ya mji. Pale kuna tembe alilokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Stanley alirudi pwani mwezi Machi, na mzee akabaki akisubiri hadi Agosti.

"Alikuwa anasubiri nini?" binti akauliza.

"Wapagazi."

"Kumbe yeye peke yake alikuwa hawezi kuondoka?"

Kaka yake akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka nikiwa karibu. Nikachukua nafasi hiyo kuwasimulia habari ya Chuma na Susi na wenzao, wakiwamo wanawake, ambao Livingstone alipofariki mwaka 1873 waliubeba mwili wake kwa miezi kama tisa hadi Bagamoyo, wakipita hapa hapa Unyanyembe. Sikuongeza neno. Baba akisimulia sana, watoto hurudi kwenye karanga.

Jumatatu mambo yaliharibika kabla ya saa nne asubuhi. Mimi nilitangulia kama nilivyozoea kutangulia sokoni na kanisani. Kijana akanifuata kwa hatua ndefu za hasira. Binti akabaki nyuma. Kila tulipomsubiri, akitufikia tu sisi tulikuwa tumekwisha kupumzika, tukainuka, na yeye akawa hajapumzika kabisa. Mara ya tatu akakaa chini akalia. Nikamwambia ajikaze. Sijui ni mara ngapi neno hilo limewahi kumsaidia mtoto kutembea.

Ndipo nilipokumbuka kirangozi. Kwenye misafara, kirangozi ndiye aliyekwenda mbele, na ilikuwa mwiko kumpita. Burton anaeleza kwamba aliyempita alinyang'anywa mshale kutoka kwenye podo lake, akaukomboa kambini kwa faini. Nikawaambia watoto: kuanzia sasa kirangozi ni huyu mdogo. Atakayempita atasalimisha simu yake hadi tufike kambini.

Mtu wa kwanza kutozwa faini alikuwa mimi. Haikupita nusu saa. Niliona kivuli kizuri mbele, miguu ikajipeleka yenyewe, na nikasikia nyuma yangu, "Baba! Simu!" Aliyekuja kuichukua alikuwa kaka mtu, na aliipokea kwa heshima kubwa mno, kwa mikono miwili. Nilielewa. Akaiweka kwenye mfuko wa dawa, hakuigusa tena mpaka jioni.

Msichana wa miaka 12 akiongoza, mwendo hubadilika. Anasimama kuokota mbula. Anasimama kuuliza ule mzinga uliotundikwa juu ya mti ni wa nani, na nyuki wakoje huko ndani saa hizi. Anasalimia kila mtu, na wazee wakimwambia mwangaluka naye anaitikia mwangaluka, akiona fahari. Nilidhani tutachelewa. Lakini alikuwa anasimama kabla hajachoka, sisi tukipumzika pamoja naye, na siku hiyo tulikwenda mbali kuliko nilivyopanga. Baada ya hapo hakulia tena, isipokuwa kwa ajili ya mbung'o, na mbung'o wa kwenye miyombo wangemliza hata askari.

Ratiba tuliyoifuata ni ile ya misafara: kuamka gizani, kuondoka saa kumi na moja na nusu, na kuwa tumefika mahali pa kulala kabla ya saa sita mchana. Saa tano au sita za njiani, pamoja na mapumziko. Mchana ni wa kufua soksi, kulala, kupika. Juni usiku kuna baridi Tabora, msidanganyike na jua la mchana, bebeni sweta. Malengelenge ya miguuni msiyatumbue, yafungeni plasta mapema, mtoto anaposema "panawasha" na si anapoanza kuchechemea. Viatu vipya viacheni nyumbani.

Tulilala majumbani kwa watu. Usiku mmoja, kabla ya Ndono, mwenyeji wetu alikuwa mzee ambaye baba yake aliwahi kwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyokwenda Wanyamwezi wengi wa wakati ule. Aliinua begi langu kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akauliza, "Na nani anawalipa?"

Nikamwambia hakuna, tunatembea tu na watoto.

Akafikiri. "Basi mtakuwa mmegombana," akasema, akaenda kutafuta kuni.

Jumatano tuliingia Ndono. Alhamisi ndiyo siku ninayotaka kuisema bila kuificha, maana kosa lilikuwa langu, na lingeweza kutugharimu.

Tulichelewa kuondoka. Nilikaa kupiga soga na chai, na jua likatukuta pale pale saa mbili. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa kuna kisima cha pampu mbele, nilimwamuru kijana amwage sehemu ya maji ya akiba ili begi lipungue uzito. Alisita, akamwaga. Tulipofika kwenye kisima, mkono wa pampu ulikuwa umeng'olewa, na ukoka umeota kwenye sakafu yake. Wapagazi walipojua kuna kipande kisicho na maji walikuwa na utaratibu wake, terekeza: wanapika na kunywa mchana, wanajaza vibuyu, wanaondoka jua likianza kupungua, wanakwenda hadi usiku. Mimi niliyejifanya mjuzi wa misafara nilikuwa njiani saa sita ya mchana na watoto wa watu, nikiwa na maji lita moja na kidogo.

Binti, aliye mbele, akaanza kwenda polepole. Akasema kichwa kinauma. Baada ya muda akasema anataka kutapika. Kisha akasimama katikati ya njia, uso umempauka, akakaa.

"Vumilia mama," nikamwambia, "ni nusu saa tu."

"Hapana," kaka yake akasema. "Kirangozi amesimama." Akatua begi.

Nikamwambia abebe begi lake. Nilitumia ile sauti. Mnaijua.

Aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. "Baba, hiyo nusu saa umeitoa wapi? Hata wewe hujui maji yako wapi."

Na kweli nilikuwa sijui. Niliisema nusu saa kwa sababu ndivyo wazazi husema.

Akamwinua mdogo wake, akampeleka chini ya mwembe, akamvua viatu na soksi, akalowesha ncha ya khanga na kumpitishia shingoni na usoni. Akafungua mfuko wake wa dawa, akatoa pakiti ya chumvichumvi, na akaikoroga katika ile lita moja, yote. Nilitaka kumzuia, nikifikiri tubakize maji matupu. Nashukuru nilinyamaza. Akawa anamnywesha kidogo kidogo, funda moja, anasubiri, funda jingine.

"Wewe nenda katafute," akaniambia. "Una miguu mirefu. Mimi nakaa naye."

Nikaenda. Nilitembea kama dakika 40 nikaona mabani ya tumbaku na nyumba. Mama wa pale hakuuliza mengi. Alinijazia dumu, akamwita kijana wake mwenye baiskeli. Tuliporudi binti alikuwa amekaa, anatafuna karanga, anamsimulia kaka yake kitu kirefu kuhusu mwalimu wao wa hisabati. Kijana akanipa taarifa kama mganga wa zamu: hajatapika, kichwa kimepungua, na amekojoa. Hilo la mwisho lilinipa raha kuliko yote.

Mzazi unayesoma haya, yashike: mtoto juani akilalamika kichwa na kichefuchefu, mwendo umekwisha. Kivuli, pumziko, maji kidogo kidogo. Huna pakiti? Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akianza kuongea visivyoeleweka, akashindwa kunywa, au akapoteza fahamu, ni hospitali papo hapo kwa usafiri wowote utakaoupata. Na maji hayamwagwi kwa sababu ya kisima ambacho hujakiona.

Usiku ule tulilala kwa yule mama wa tumbaku. Binti alisinzia mapema. Kijana na mimi tulibaki motoni. Nilijua ni zamu yangu kusema, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Siku ile ulisoma mpaka mwisho," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeishia katikati. Ule mwisho ndio ulikuwa wake."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba ujumbe ule ulikuwa na mtu wa pili, mtoto wa mzazi mwingine, ambaye naye alichekwa sebuleni kwangu bila kujua. Nikamwambia nilikosea, anisamehe. Nilikuwa na maelezo tayari: majukumu, hofu, mambo ya mitandao siku hizi. Kwa bahati nilikuwa nimechoka, maelezo hayakutoka.

Alinyamaza muda mrefu, akichokonoa makaa. Kisha akasema, "Na wajomba uwaambie."

Ijumaa tulikwenda kipande kifupi tu. Jumamosi asubuhi tukaingia Usoke, tukahesabu siku na soli za viatu, tukakubaliana Urambo ibaki. Aliyetoa uamuzi ni kirangozi. Tulipanda basi kurudi, na njia ya siku saba ikaisha kabla watoto hawajamaliza miwa waliyonunua dirishani. Binti alikuwa anaonyesha kwa kidole: pale tulilala, pale Baba alitozwa simu.

Kuwaambia wajomba ilikuwa ngumu kuliko mbung'o wote. Wengi wetu tumelelewa tukijua mzazi hamwombi mtoto radhi, sembuse mbele ya watu. Niliwaita Jumapili kwa chai. Nikawaambia kwamba siku ile nilimvunjia mwanangu heshima, na wao nilifanya wacheke kitu kisichochekesha. Mmoja akacheka tena, safari hii akinicheka mimi. Mwingine akatazama kikombe chake, akasema hata yeye ana jambo kama hilo nyumbani. Kijana alikuwa mlangoni na birika. Aliingia, akamimina chai kuanzia kwa wageni kama inavyotakiwa, akanifikia mimi, akauliza, "Sukari ngapi?" Anajua ni ngapi.

Mizani nimeirudisha kwa mwenyewe. Kipande cha Usoke hadi Urambo bado tunadaiwa, na binti amekwishasema ni likizo fupi ya Septemba, saa kumi na moja na nusu asubuhi, yeye mbele. Kaka yake ameuliza kama anaweza kubeba maji yote yeye.